Pengo Lililojiziba

Kituoni walimwita Inspekta Kobe, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Jalada ambalo wenzake wangelimaliza kabla chai haijapoa, yeye alilitembeza kwapani siku nzima, akilisoma mwanzo mpaka mwisho, kisha mwisho mpaka mwanzo. Asubuhi ile ya Jumatatu mkuu wa kituo alimwambia waziwazi kwamba hili la Bi Sanduku halina cha kutafuna: mtuhumiwa yuko mahabusu, aliyemwona yupo, kielelezo kilitolewa mfukoni mwake, kesho anapanda kizimbani. Kobe aliitikia ndiyo afande, akachukua mkoba wake na kwenda kunywa chai nyumbani kwa dada wa mtuhumiwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bi Sanduku, mwanamke aliyepewa jina hilo na ndugu zake kwa kuwa alikusanya kila kilichokuwa cha ukoo na kukiweka kwenye masanduku, alikuwa hospitalini tangu Jumamosi, hajitambui. Alikutwa sakafuni katika chumba chake cha kumbukumbu, kichwa kimepasuka kwenye kona ya kasha la chuma. Aliyekuwa amemwinamia, mikono ina damu, ni kaka yake, mpaka rangi wa majumba ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi. Jirani aliyechungulia mlangoni alipiga kelele, polisi wakaja. Mfukoni mwa Fundi Rangi wakatoa kaseti yenye sauti ya marehemu mama yao. Kwenye rafu ya kaseti wakaona pengo la kaseti moja. Wakajumlisha moja na moja, wakapata jela.

Dada yao mkubwa alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake. Wadogo zake walimwita Dada Nesi, basi na watu wengine nao wakamwita hivyo. Alimpokea Kobe jikoni, akampunguzia sauti redio ya kaseti iliyokuwa dirishani, akamsogezea kigoda na kikombe. Jiko lilikuwa safi la kupitiliza, ila lilijaa vitu vya zamani: mtungi wa vijiko vilivyokatika mipini, birika lisilo na mfuniko, pasi ya mkaa iliyofanywa kizuizi cha mlango. Na kwenye kona, friji la kizamani lenye tumbo la mviringo, likinguruma.

Dada Nesi alikuwa katikati ya kueleza jinsi alivyopata habari ya mdogo wake pale friji lilipozimika. Halikuzimika kistaarabu. Lilitetemeka, likagonga ukuta mara tatu, na sinia la bati lililochomekwa kati yake na ukuta likalia kama kengele ya shule. Kobe alishtuka hadi chai ikamwagikia sahani. Dada Nesi aliendelea kusema, wala hakukata neno, mpaka alipoiona ile chai.

"Vipi, afande?"

"Hiyo sauti."

"Sauti gani?" Kisha akacheka kidogo. "Aa, friji. Friji la marehemu baba hilo. Mimi hata silisikii siku hizi."

Kobe alimuuliza kwa nini asinunue jingine, na hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza amri kuu ya ukoo ule. Baba yao aliwalea kwa neno moja: kwetu hakitupwi kitu. Mtoto akitupa kifungo cha shati, alirudishwa jalalani usiku huohuo akakitafute. Wote watatu walikua na neno hilo damuni, na Bi Sanduku ndiye aliyelifanya kazi. Baba alipofariki walikuta panya wamezitafuna picha za babu mpaka shingoni, na kuanzia hapo yule mdogo akawa anazunguka kwa ndugu, anafungua makabati yao na kuinua magodoro yao, anaomba picha, vyeti, barua, kofia, chochote.

Juu ya kaka yake, Dada Nesi alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita walikuwa na mdogo wao wa mwisho, mtoto wa miaka minne, waliyemwita Kitinda. Uani kulikuwa na tangi la maji lililochimbwa chini, na Fundi Rangi, wakati huo mvulana wa shule, alipewa kazi moja tu, kuhakikisha mfuniko umefungwa. Siku moja haukufungwa. Mtoto alitolewa mle ndani jioni.

"Mimi sisemi amemsukuma huyu aliye hospitalini," Dada Nesi alisema. "Ni ndugu yangu, damu ni nzito. Ila lisemwalo lipo. Mtu aliyeua mara moja kwa uzembe, watu watamwamini vipi?"

Kobe alimuuliza kuhusu ufunguo wa chumba. Polisi walikuwa wameurudisha kwa familia Jumapili asubuhi, na Dada Nesi ndiye aliyeupokea. Aliingia mara moja tu, alisema, kufuta damu ili mdogo wake akirudi asiikute.

"Hukugusa kitu kingine?"

"Ndoo na tambara. Basi."

Akautoa ufunguo kwenye mfuko wa kanga na kumkabidhi. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, na Kobe alimshukuru kwa chai.

Chumba cha Bi Sanduku kilikuwa nyuma ya nyumba yake, kidogo, chenye dirisha lililozibwa kwa kitambaa kizito ili jua lisizibabue picha. Kobe alitarajia kukuta stoo. Alikuta mahali ambapo hata mtu mkorofi angevua viatu. Masanduku ya karatasi ngumu yalipangwa mbali na ukuta ili unyevu usiyafikie, kila moja na jina la mtu au la nyumba. Picha zilikuwa zimebanduliwa kutoka kwenye albamu za gundi na kulazwa kati ya karatasi nyembamba, na nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, ameandika nani yumo na nani aliyemwambia. Picha moja ya harusi ilikuwa na watu wanne waliojulikana na mmoja ambaye chini yake ameandikwa: "Shangazi anasema ni mpishi. Baba Mdogo anasema ni mwizi. Niulize tena." Kobe alicheka peke yake, kisha akaona doa jeusi pale sakafuni ambapo tambara halikulimaliza, akaacha kucheka.

Alianza na kazi ya wengine. Konstebo alikuwa ameandika kwamba rafu ya kaseti ina alama mpya ya rangi nyeupe, ushahidi kuwa Fundi Rangi aliing'ang'ania wakati wa ugomvi. Kobe aliikwaruza kwa ukucha. Rangi ilikuwa kavu ya miezi, na ilikuwa rafu nzima, si alama: kaka mtu aliipaka rafu ya dada yake, tena kwa mikono miwili, vizuri. Konstebo aliona nyeupe na akaona mkosaji.

Kisha akatoa picha za jalada, zile zilizopigwa Jumamosi. Akaisogeza ya rafu karibu na rafu yenyewe. Kwenye picha, safu ya kaseti za Mama ilianzia ya kwanza ikafika ya tatu, ikaacha pengo jeusi, ikaendelea na ya tano. Kobe aliinua macho. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano.

Aliinama akakaa hivyo kwa muda. Wahenga walisema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria.

Wazo la kwanza lilimkasirisha: labda yule konstebo, kwa akili zake za kuona alama, alikirudisha kielelezo mahali kilipotoka. Alimpigia simu mtunza vielelezo. Naye akamjibu kwamba kaseti iko kwenye bahasha yake, bahasha iko stoo, stoo imefungwa, na ufunguo anao yeye mahakamani, atarudi alasiri. Kobe alikata simu akaitafuta picha ya kielelezo. Ilipigwa kwa haraka, imepinda, lakini penseli ya Bi Sanduku ilisomeka: "Mama, ya nne. Nakala." Akavaa glavu, akaichomoa iliyokuwa rafuni. "Mama, ya nne. Asili."

Basi zilikuwa mbili. Juu ya meza ya Bi Sanduku palibandikwa kanuni zake, na moja ilisema kila sauti iwe na nakala, na nakala isikae nyumba moja na asili, ili nyumba moja ikiungua nyingine ibaki inakumbuka. Jumamosi asili ilitoka chumbani na ikaacha pengo. Jumapili ilirudi. Na tangu Jumamosi Fundi Rangi alikuwa nyuma ya nondo, akilala kwenye saruji. Watu wanaweza kumsingizia mtu mengi, lakini si kurudisha kaseti rafuni akiwa mahabusu.

Aliigeuza chini ya taa. Kaseti zote za rafu ile zilikuwa zimevunjwa vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni, kwa sababu kijino kikivunjwa mashine hukataa kurekodi juu ya sauti iliyopo. Bi Sanduku alihakikisha mama yake hafutwi kwa bahati mbaya. Kwenye hii ya nne, tundu la kijino kimoja lilizibwa kwa kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, na pembe za kipande zilikatwa kwa mkasi zikawa mviringo. Hiyo si bahati mbaya.

Redio ya Bi Sanduku ilikuwa mezani. Kobe aliitia kaseti, akabonyeza. Hakukuwa na Mama. Palikuwa na mvumo, ule mvumo wa chumba kilichonyamaza, kwa sababu redio hizi zina kitobo cha kunasia sauti, na ukifuta kaseti bila kukiziba unarekodi kimya chako mwenyewe. Kobe alisubiri. Mwingine angezima. Kwa mbali kitu kiliguna, kikanguruma, kikanguruma sana. Kisha kikatetemeka, kikagonga mara tatu, na bati likalia.

Alirudisha nyuma akasikiliza tena, ingawa hakuhitaji. Alikuwa amekunywa chai ya mwanamke yule saa chache zilizopita na kuipenda.

Hakwenda kwake moja kwa moja. Alipitia kituoni kwanza, akamtoa Fundi Rangi mahabusu, akamkalisha kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye rangi za nyumba za watu kwenye kucha, na aliongea akiitazama meza. Alimweleza tena alivyomweleza konstebo, na ambavyo konstebo hakuona haja ya kuandika: Jumamosi mchana Bi Sanduku alimwita, akamlazimisha kuichukua ile nakala. Alimwambia aisikilize peke yake kabla ya kesho yake, maana Jumapili angewaita ndugu wote waisikie. Alikwenda nayo mpaka kituo cha basi, akashindwa, akarudi kuirejesha. Akakuta mlango wazi na dada yake chini.

"Hukuisikiliza?"

"Sina redio. Na ningekuwa nayo nisingesikiliza." Alifuta meza kwa kiganja, pasipo na kitu cha kufuta. "Najua Mama angesema nini. Tangu siku ile ya Kitinda hakuniita mwanangu tena. Alikuwa ananiita wewe. Wewe, lete kuni. Wewe, njoo ule. Mpaka anakata roho."

Kobe alimuuliza swali ambalo halikuwa kwenye jalada. "Ule mfuniko, ulikuwa umeufunga?"

"Nilikumbuka nimeufunga," alisema Fundi Rangi. "Lakini nyumba nzima ikikwambia hukufunga, mwisho na wewe unakumbuka hukufunga."

Kobe alimrudisha mahabusu mwenyewe, na akamwambia mlinzi ampe blanketi la pili. Lilikuwa jambo dogo la kijinga, lakini alihitaji kufanya kitu.

Dada Nesi hakushangaa kumwona tena, au hakuonyesha. Kobe aliweka redio ya Bi Sanduku juu ya meza ya jikoni, akaomba maji ya kunywa badala ya chai, akakaa. Friji lilikuwa linanguruma. Akanywa maji polepole.

"Afande, nina zamu jioni."

"Sitakuchelewesha, dada. Nasubiri kidogo."

"Unasubiri nini?"

Dada Nesi alipangusa meza iliyokuwa kavu, akapanga vijiko vilivyopangwa, akauliza hali ya mgonjwa, akajijibu mwenyewe kwamba alipiga simu wodini na bado vilevile. Akasema kwamba watu wengine wana kazi. Akasema kwamba kama ni habari ya ufunguo, alishautoa. Ndipo friji likatetemeka, likagonga ukuta mara tatu, na sinia likalia.

Kobe akabonyeza kitufe. Redioni, kitu kikatetemeka, kikagonga mara tatu, na sinia likalia.

Dada Nesi aliinua shingo. "Ni nini hiyo?" aliuliza, na aliuliza kwa dhati, alikuwa hajui kweli.

"Ni jikoni kwako, dada. Hapa hapa. Hii ni kaseti ya nne ya mama yako, ile ya asili. Uliifutia kwenye redio yako hiyo ya dirishani, na wewe peke yako ndiye usiyelisikia hili friji."

Mwanamke yule alilitazama friji kama anakutana nalo leo. Kisha akaitazama kaseti, ile plasta yenye pembe za mviringo, na mkono ukamwenda mdomoni. Mkunga huzikata pembe za plasta hivyo ili zisibanduke kwenye ngozi ya mtoto. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo kwa hila; vidole vyake vilijikatia vyenyewe.

Alikaa. Kobe alimsomea haki zake, kama inavyotakiwa, na Dada Nesi alizisikiliza kwa adabu. Kisha akasema hataki wakili sasa, anataka kukaa tu. Baada ya hapo maneno yalimtoka bila kuulizwa, na Kobe akayaandika.

Siku ile ya tangi ni yeye aliyechota maji. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi na alitaka kufua sare yake mpya kabla ya safari, akaufunua mfuniko ambao mdogo wake alikuwa ameufunga, akaitwa getini na rafiki, akasahau. Walipomtoa Kitinda watu walimgeukia mvulana, na yeye akanyamaza siku ya kwanza kwa hofu, na siku ya pili kwa sababu ya siku ya kwanza. Miaka yote aliamini hakuna ajuaye. Ijumaa Bi Sanduku alimwambia kwamba Mama alijua, kwamba alisema yote kwenye kaseti kabla hajafa, na kwamba Jumapili itachezwa mbele ya ukoo. Alimwomba asifanye hivyo. Bi Sanduku akamjibu kwamba kumbukumbu yenye uongo si kumbukumbu.

"Jumamosi nikaenda kuichukua," Dada Nesi alisema. "Akaishika. Nikavuta, naye akavuta. Nikavuta kwa nguvu, ikanijia mkononi, yeye akaenda chini." Alinyoosha mikono yake miwili mezani. "Nimezalisha wanawake tangu ujana wangu. Hata mtoto aliyetoka wa bluu najua kumpapasa mpaka alie. Mdogo wangu yuko chini anatoka damu, na sikumshika hata mapigo. Niliogopa nikimshika nitakuta yuko hai na itabidi nibaki."

Kobe alimchukia kwa dakika nzima, kisha akamhurumia, na hakupenda hata moja kati ya hayo.

"Na kaka yako?"

"Nilijua atanyamaza. Amezoea." Alipolisikia neno lake mwenyewe, machozi yakaanza, na yalikuwa mengi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia wagonjwa hivyo mara ngapi.

Palibaki jambo moja lililomsumbua Kobe tangu mchana, na aliliuliza kwa kuwa lilimsumbua tu, si kwa ajili ya jalada. Kwa nini airudishe. Watu wakiamua kumtupa jongoo humtupa na mti wake. Angeitia ile kaseti kwenye moto wa taka, pengo lingebaki pengo, na kesho kaka yake angesimama kizimbani na lile pengo shingoni, na hakuna Inspekta, awe kobe au sungura, ambaye angelimtoa.

Dada Nesi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Ni kitu cha Mama," alisema. "Kwetu hakitupwi kitu."

Aliomba aoshe vikombe kwanza. Kobe alimruhusu, akasimama mlangoni akimngoja, na friji likaanza tena kunguruma nyuma yao.

Alasiri ilikuwa imekwisha mtunza vielelezo alipofungua stoo. Kobe alitia sahihi, akaichukua bahasha, akaomba chumba na redio, akamwita Fundi Rangi. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyekuwa ameshawaambia wakubwa kwamba kesi imekwisha. Alitaka kusema kitu, akamwona yule mpaka rangi alivyokaa, akaondoka. Kobe alimweleza Fundi Rangi yaliyotokea jikoni kwa dada yake, yote, bila kupamba. Fundi Rangi aliuliza tu kama Bi Sanduku ameamka. Kobe akasema bado.

"Sheria hainidai nikusikilizishe hii," alimwambia. "Ukitaka nizime, sema."

Fundi Rangi alitikisa kichwa, ikawa si ndiyo wala si hapana. Kobe akabonyeza.

Kwanza ilikuja sauti ya Bi Sanduku, changa kuliko umri wake, ikimhimiza mtu aseme tu, inarekodi. Halafu kiti kikalia, mtu akakohoa, na mwanamke mzee akaanza kuongea. Alisema hakuwa na mengi. Alisema siku ile alipita uani akaiona ndoo ya binti yake kando ya tangi, akaona sare mpya kambani inachuruzika maji, akajua kabla hajaangalia ndani. Alisema alikuwa ameshapoteza mmoja. Yule msichana alikuwa na chuo, alisema, na huyu ni mvulana, atavumilia. "Nilimtoa mmoja nimwokoe mwingine. Na kila nikimtazama kaka yako usoni naona nilichomfanya. Ndiyo maana sikumtazama." Bi Sanduku akasikika anavuta kamasi. Mzee akapumzika, akapumua, kisha akasema polepole, karibu na mashine, kama mtu aliyefundishwa ni wapi sauti inaingilia:

"Siku mkimpa aisikie, asikie kwangu mimi. Mwanangu, ulikuwa umefunga."

Kaseti iliendelea kuzunguka. Fundi Rangi alikuwa ameweka viganja vyake vikubwa juu ya meza.

"Rudisha nyuma."

Kobe akairudisha mpaka kwenye ndoo na sare, ushahidi wenyewe, yale maneno ambayo wakili angeyataka. Yeye akatikisa kichwa.

"Si hapo," alisema. "Pale mwisho. Pale aliponiita."

Kobe akapeleka mbele, akapatafuta, akapapata. Mwanangu, ikasema sauti. Fundi Rangi akafumba macho na kunyanyua kidole kuomba tena, na Kobe, ambaye kituo kizima kilimjua kwa kutokuwa na haraka, akarudisha.